Kitufe cha Kukataa

Gelasius alikuwa na mtindo wa kazi ambao hakuwahi kumweleza mteja hata mmoja. Kila tovuti aliyoitengeneza, kabla ya kuifungulia watu, ilipita kwanza mikononi mwa mama yake. Alimwekea tableti mapajani, akavuta kiti, akakaa pembeni kutazama kidole cha Ma Dorotea kinaelekea wapi. Mama huyu alikuwa na miaka sabini na minne. Alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, akalima migomba na kahawa mpaka magoti yakaanza kulalamika, na kompyuta aliigusa kwa mara ya kwanza akiwa tayari mjane. Yeye akipotea njia kwenye ukurasa, Gelasius alijua wateja nao watapotea. Akifika salama, kazi imekwisha, na ujira wake ulikuwa kikombe cha chai ya maziwa na redio ya Bukoba kwa njia ya intaneti.

Mkaguzi huyu alikuwa na kasoro moja tu, na pamoja na ujanja wake wote Gelasius alichukua miaka mitatu kuiona. Ma Dorotea hakubonyeza kitu alichohisi kuwa mwanawe hataki kibonyezwe. Alimtazama usoni kwanza, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika kahawa, ndipo kidole kikashuka.

Waliishi watu watatu, Gelasius, mkewe Genoveva na mama, kwenye ghorofa ya saba ya jengo moja huko Malvern, jijini Toronto, Canada. Mwezi huo wa Machi palikuwa na bahasha ya kaki juu ya meza ya chakula, na kila mtu aliizungushia sahani yake wakati wa kula. Ndani yake mlikuwa na fomu za kumwombea mama ukaazi wa kudumu. Nafasi hiyo haipatikani kwa kutaka. Majina hutiwa kwenye bahati nasibu, na wapo waliosubiri mpaka wazazi wenyewe wakafariki. Jina la Gelasius lilikuwa limechomoza. Alishajaza kila kitu, kilichobaki ni sahihi ya mama mahali panne, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akitia sahihi, maisha yake yaliyobaki ni ya hapo, ghorofa ya saba. Mama alishasema atatia. Ila kila alipopewa kalamu, ama miwani ilikuwa chumbani, ama mkono ulikuwa na unga, ama ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima naye hapendi kufanya mambo makubwa siku ya Ijumaa.

"Umemwuliza lakini?" Genoveva alimwambia mumewe asubuhi moja, anafunga kamba za viatu vya theluji.

"Nimemwuliza. Hajakataa."

"Hajakataa," Genoveva alirudia, kwa ile sauti ya wake wanaojua jambo na wameamua mume aligundue mwenyewe. Kisha akaenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako kutwa nzima aliwauliza wazee wa watu wanataka nini.

Tusimwonee Gelasius. Mtoto mwenye huruma kama yeye ukimpata umshukuru Mungu. Ila alikuwa na namna yake ya kuuliza, na namna hiyo aliifundishwa, tena kwa cheti.

Alifika Toronto akiwa na miaka ishirini na mbili, na barua ya kukubaliwa chuo ambayo mama yake mwenyewe ndiye aliyeifuata posta, na koti alilohakikishiwa Dar es Salaam kuwa ni la baridi. Koti lile lilikuwa la mvua. Baada ya chuo alibandika lebo kwenye ghala la viatu, kisha akapata kazi ya kuuza vifurushi vya intaneti kwa simu. Huko ndiko alikopata elimu. Usimwulize mteja kama anataka, mwalimu wao alisema, mwulize anataka kipi. Usiseme, je, ungependa tuje kukufungia? Sema, tuje Jumanne au Alhamisi? Mtu akishapewa siku mbili za kuchagua, husahau kwamba angeweza kusema msije kabisa. Gelasius alikuwa na sauti ya upole na salamu ndefu za kwao, alizozigeuza Kiingereza bila kupunguza hata moja, na miezi sita mfululizo picha yake ilibandikwa ukutani.

Alipojifunza kutengeneza tovuti aliibeba elimu hiyo. Kitufe cha kukubali alikifanya kikubwa, cha kijani, katikati ya ukurasa. Njia ya kutokea aliiandika chini kwa herufi za kijivu, kwa wenye macho makali. Aliibeba mpaka nyumbani. Siku alipotaka kumwoa Genoveva alimwambia, "Harusi iwe Agosti au Desemba?" Genoveva alicheka, akasema Desemba, na mpaka leo humkumbusha kwamba yeye hakuposwa, alipangiwa tarehe.

Baba yake alifariki miaka minne iliyopita. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikamwacha, na Gelasius alifika Kamachumu siku moja baada ya maziko. Alikuta udongo bado mbichi katikati ya migomba, na mama yake ameketi kwenye nyasi za msiba zilizotandikwa sebuleni, anampa pole yeye. Aliapa moyoni kwamba kwa huyu aliyebaki hatachelewa. Mwaka ulipopita akapiga simu.

"Mama, nakukatia tiketi. Uje mwezi wa tano au wa sita?"

Upande wa pili palikuwa kimya. Alisikia jogoo, akasikia mtu anapasua kuni.

"Basi wa tano," alisema Gelasius. "Hakuna baridi."

Wala hakuona dosari yoyote. Kwao kunyamaza ndiko kukubali. Binti akiulizwa habari ya mchumba akainamisha macho, wazee hupiga makofi na pombe ya ndizi ikamiminwa, hakuna anayesubiri aongeze neno. Ma Dorotea alikuja mwezi wa tano, na sanduku lenye senene wa kukaanga, wale panzi wa kwao, na rozari mbili. Tangu siku hiyo kila alichoulizwa alijibu ndiyo. Ndiyo, amelala vizuri. Ndiyo, ndizi za kwenye friza ni tamu. Ndiyo, misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi inatosha.

Basi mambo yalikuwa hivyo, bahasha iko mezani na siku zinakwenda, Bi Tasleem alipopiga simu.

Bi Tasleem alikuwa Mhindi wa Kiismailia wa Bukoba mjini, binti wa fundi baiskeli, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bukoba ya miaka ya sitini, kimetunzika kuliko cha wengi waliobaki. Karibu na Don Mills alikuwa na duka la viungo, na nusu ya mauzo yake yalipita kwenye tovuti aliyotengenezewa na Gelasius. Wateja wake wa Lisbon na Antwerp walikuwa watu wazima walioondoka Afrika Mashariki utotoni, ambao hata wakisoma tu neno iliki machozi huwalenga. Ndiyo maana ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa Kiswahili.

"Gelasius, mwanangu, shida imeingia."

"Shikamoo, mama. Shida gani?"

"Marahaba. Amyn, binamu yangu wa Antwerp, yule lawyer. Amefungua website yangu anunue masala ya chai, anasema siombi ruhusa ya vidakuzi. Anasema naingia kwenye simu za watu bila hodi, na sheria ya Ulaya haitaki."

Vidakuzi ni vijifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye simu au kompyuta ya mgeni, ili akirudi ikumbuke alitazama nini na alikaa muda gani. Sheria ya faragha ya kule inataka mgeni aulizwe kwanza, hata kama duka lenyewe liko Toronto, maadamu linawauzia watu wa Ulaya. Gelasius alikuwa akijua habari hiyo kwa juu juu, kama mtu anavyojua kwamba anatakiwa kumwona daktari wa meno. Akasema halina shida, nusu siku inatosha.

Nusu siku ikatosha kweli. Aliandika hivi: "Karibu sana, mgeni wetu mpendwa. Tovuti hii hutumia vidakuzi ili kukuhudumia vizuri zaidi. Ukiendelea kutazama bila kusema lolote, tutajua umekubali. Asante kwa moyo wako mwema." Chini akaweka kitufe cha kijani, Nakubali, kipana kama mlango wa kanisa. Alikuwa na fahari nalo. Lilikuwa tangazo lenye adabu, mtu hakosewi heshima hata chembe. Akamwekea mama tableti, mama akamtazama usoni, akaona fahari ile, akabonyeza kijani bila kupepesa.

"Umefaulu," Gelasius akamwambia, akampa chai yake.

Siku ya pili Bi Tasleem akapiga tena, na kabla ya salamu alikuwa anacheka.

"Amyn anauliza nani ameandika hivi. 'Ukiendelea bila kusema lolote tutajua umekubali.' Anasema amewatafsiria watu wa ofisini kwake, wamecheka mpaka wakakaa chini. Halafu anasema hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi vipi? Mtu kaambiwa, kanyamaza."

"Ndivyo nilivyomwambia hata mimi. Nikamwambia, Amyn, ndoa ya mama yako ilifungwa hivyo hivyo. Anasema hapo kwenye sheria, kunyamaza si kukubali. Lazima aseme mwenyewe. Na kitufe cha kukataa kiwepo, mwanangu. Ukubwa ule ule, rangi ile ile. Na akikataa, duka limfungukie kama kawaida."

"Sasa hapo nani atakubali?"

"Atakayetaka," alisema Bi Tasleem. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Fanya tu. Nilidhani Amyn ananisumbua, lakini nimelala nalo. Mimi nataka watu wangu waje kwa hiari."

Gelasius alinuna siku mbili. Kumwekea mteja kitufe cha kukataa, tena kizuri, kulimkera kama fundi seremala anayeambiwa atoboe kiti. Lakini kazi ni kazi. Alikaa akasoma maelezo ya sheria, aya kwa aya, na humo akakuta jingine ambalo Bi Tasleem hakulitaja: aliyekwisha kukubali anaweza kubadili nia wakati wowote, na kuondoa ruhusa kuwe rahisi kama kulivyokuwa kuitoa. Akaongeza chini ya ukurasa maneno madogo, "Badili uamuzi wako." Jumamosi asubuhi kazi ilikuwa tayari kwa ukaguzi. Ijumaa ya sahihi ilikuwa imebakiza siku sita.

Genoveva alikuwa zamu. Nje theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na kuwa tope, na Ma Dorotea alikuwa kwenye kiti chake dirishani, miguu juu ya kigoda, anatazama mabasi yanavyozoa watu na kuwashusha. Gelasius akamwekea tableti mapajani. Duka la Bi Tasleem likafunguka, na katikati pakatokea maneno: "Karibu. Tunaomba kuacha vidakuzi kwenye kifaa chako ili tukukumbuke ukirudi. Unakubali?" Chini yake vitufe viwili, Nakubali na Nakataa, upana mmoja, rangi moja.

Kidole kikainuka, kikasimama hewani. Ma Dorotea alitazama vitufe, akamtazama mwanawe. Gelasius, aliyechoshwa na sheria ya Ulaya, alikuwa anapiga miayo. Uso wake haukuwa na habari yoyote.

"Nibonyeze kipi?"

"Unachotaka, mama."

"Wewe unataka kipi?"

"Mimi sina ninachotaka. Naangalia tu kama inafanya kazi."

"Na huyo Bi Tasleem atapenda kipi?"

"Mama, hapo Bi Tasleem haulizwi. Anaulizwa mgeni. Mgeni ni wewe."

Ma Dorotea akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Na nikikataa?"

"Duka linafunguka vile vile. Utatazama, utanunua, hakuna atakayekukasirikia."

"Hata nikikataa."

"Hata ukikataa."

Kidole kikashuka polepole juu ya Nakataa. Maneno yakatoweka, zikabaki picha za iliki na mdalasini na bilauri za chai. Ma Dorotea alitulia kidogo, ameinamisha kichwa, mithili ya mtu anayesikiliza kama kuna atakayepaza sauti. Hakuna aliyepaza. Ndipo alipocheka. Gelasius alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu baba yake alipokuwa hai, na kilimfurahisha mno, ingawa hakujua kimetoka wapi.

"Rudisha," mama alisema.

Akarudisha. Mama akabonyeza Nakataa. Akataka irudishwe tena, akakataa tena, mara nne, kila mara duka linamfungukia bila kinyongo.

"Waitu," alisema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini. "Kumbe inawezekana." Akakuna goti. "Na aliyekwisha kukubali je? Tuseme aliulizwa asubuhi, hajanywa hata uji, akaitika. Baadaye moyo umemgeuka. Huyo ndiyo basi?"

"Hapana, naye ana njia." Gelasius akainama, akamwonyesha yale maneno madogo ya chini. "Akibonyeza hapa anaondoa ruhusa aliyotoa. Sheria inasema iwe rahisi kama alivyokubali."

"Hata kama imepita miaka mitatu?"

Gelasius alifungua kinywa amweleze kwamba vidakuzi havikai miaka mitatu. Mama hakuwa akimtazama, alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa tableti, kwenda na kurudi. Miaka mitatu. Ndiyo miaka aliyokaa nao hapo ghorofa ya saba.

"Mama," alisema haraka, "kama ni kutembea tutakwenda. Unataka tukatembee Kamachumu Krismasi au Pasaka?"

Akajisikia mwenyewe. Ilikuwa ile sauti ya vifurushi vya intaneti, laini, yenye siku mbili mkononi na mlango umefungwa nyuma. Aibu ilimshika ambayo hakuwahi kuionea mteja yeyote. Alijua sasa swali linatakiwa liweje, alikuwa amelisoma aya kwa aya. Ugumu ulikuwa usoni kwake. Alitaka mama akae. Alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu, na mama yake angelisoma pale pale kwenye nyusi zake na kulitii, kama alivyotii kijani.

Basi akafanya jambo ambalo mtoto wa Kihaya hamfanyii mzazi. Aliinua kiti chake, akakigeuza, akampa mama yake mgongo.

"Unisamehe kukupa mgongo, mama. Sitaki uniangalie usoni."

"Una nini, baba?"

"Nina swali. Zile fomu za mezani ni za kukaa hapa moja kwa moja. Unaweza kukubali, unaweza kukataa. Ukikataa mimi ni mwanao vile vile, nitapiga simu, nitakuja, hakuna atakayenuna humu ndani. Ukikubali pia ni sawa. Unataka kukaa, au unataka kurudi?"

Nyuma yake pakawa kimya. Katika maisha yake yote kimya kama hicho kilikuwa kinamtosha, angekichukua na kuondoka nacho. Safari hii alikaa. Alisikia lifti inapanda na kushuka. Alisikia bomba la joto linagonga, mtoto wa ghorofa ya juu anaburuta kitu sakafuni. Mikono aliibana katikati ya magoti.

"Nataka kurudi," ilisema sauti nyuma yake.

Iliuma. Sitalipamba hilo, iliuma kama alivyojua itauma, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Mama aliendelea kusema na mgongo wake, taratibu, akichagua maneno.

"Si kwamba mmenitesa. Genoveva ananipaka dawa magoti kila jioni, binti yangu mwenyewe asingenifanyia hivyo. Ila hapa mimi natunzwa tu, baba. Asubuhi mpaka jioni natunzwa. Kule mtu akifiwa ananitafuta mimi. Mtoto akigoma kula ananitafuta mimi. Hapa hata mlango wa dukani unajifungua wenyewe, haungojei niusukume. Na baba yako yuko kwenye migomba peke yake."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Uliniuliza mwezi." Alipumua. "Mtu hakatai wito, hukataa neno. Uliniita, nikaitika, ndiyo adabu. Nikafika. Lakini neno lenyewe hukunipa mpaka leo."

Gelasius alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Akalisema lile lililokuwa chini ya mengine yote, ambalo hakuwahi kumwambia hata Genoveva.

"Nilichelewa kumzika baba. Naogopa nitachelewa na kwako."

"Utachelewa," mama alisema. Alilisema kwa upole sana. "Canada ni mbali. Utachelewa, na mimi nitakuwa nimekusamehe kabla sijafa. Nimeshakusamehe. Geuka sasa, shingo itakuuma."

Akageuka. Ma Dorotea alikuwa ameweka tableti juu ya kigoda, na yeye pia alikuwa amelia, miwani imempanda kwenye paji la uso. Gelasius akamwuliza angependa kusafiri lini, akafunga mdomo baada ya neno lini, asiongeze mwezi wowote. Mama akasema kabla kahawa haijaiva, akachume mwenyewe. Gelasius akasema sawa. Alisema sawa mara mbili, ya kwanza haikusikika vizuri. Kisha akaenda mezani, akaitoa bahasha katikati ya sahani, akaiweka kabatini chini ya mashuka, na meza ikawa na nafasi. Alikuwa anarudi kukaa mama aliposema, "Na mimi nina swali."

"Uliza, mama."

"Siku ile nilipoleta barua ya chuo kutoka posta. Ulikuwa jikoni, unakula viazi. Nikakusomea, nikakuambia utakwenda, na baba yako nikamwambia utakwenda, na padri nikampelekea habari jioni ile ile. Wewe ulinyamaza. Ulikula viazi vyako mpaka vikaisha. Nikawaambia watu, mnaona, amekubali." Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Ulitaka kuja huku, Gelasius?"

Miaka kumi na sita. Watu wa uhamiaji walimwuliza mengi, waajiri walimwuliza, kila teksi aliyopanda ilimwuliza anatoka wapi na lini alifika. Hilo hakuna aliyemwuliza. Upesi, bila kujijua, akamtazama mama yake usoni aone ni jibu lipi litampendeza.

Ma Dorotea akafumba macho. Akakaa hivyo, mikono mapajani, anangoja.

"Sikutaka, mama," Gelasius alisema. "Nilitaka kubaki."

"Nilijua," mama alisema, macho bado ameyafumba. "Ndiyo maana sikukuuliza."